Walimmulika shangazi yangu tochi kwa sababu alikuwa analia

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Wiki kadhaa zimepita, hazijapoa, na kila nikipita mbele ya ule ukumbi damu inanichemka upya. Basi naandika hivi hivi.

Ukumbi upo hapa Dodoma, katikati ya mji, jina naliacha. Siku hiyo walikuwa wanaonyesha Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Sisi tuliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita riwaya ile tunaijua kwa kichwa: Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza yupo, Yasmin binti wa Kihindi ameozwa kwa mwanaume mzee, anamkimbia, anapokelewa na Mwajuma huko Ng'ambo, anampenda Denge, kijana Mwafrika anayepigana na ukoloni. Tuliichambua dhamira, wahusika, migogoro, tukajibu mtihani tukaenda zetu. Sikumbuki kama iliwahi kunigusa. Nilikuwa natafuta maksi.

Nilikwenda na shangazi. Ana miaka 70 na ushee, anakaa Chang'ombe, na mambo ya filamu hana habari nayo. Kilichomtoa nyumbani ni taarabu. Nilimwambia anayecheza Mwajuma ni Siti Amina, mwimbaji wa kweli, akasema haya, kama kuna taarabu twende. Upepo wa Dodoma mnaujua, alivaa sweta, juu yake khanga mbili, na mkononi kibegi chake cheusi ambacho hakiachi popote.

Nianze na filamu, maana hiyo haina kosa. Hapana, ngoja. Mwanzoni mimi mwenyewe niliona inajikokota. Nyuma yangu kuna vijana walikuwa wanahema kwa nguvu kama wamebebeshwa gunia. Lakini kadiri inavyokwenda unaelewa kwamba isingeweza kwenda mbio. Hawa ni watu wawili wasiotakiwa kuonekana pamoja. Ndugu wa binti hawataki, mtaa una macho, serikali inamwinda mwanaume. Watazungumza saa ngapi? Yale tuliyoyaandika shuleni kama "mgogoro wa kitabaka" hapa ni mtu na mtu, usiku, na hofu ya nani kapita. Nilijikuta nimeshika ukingo wa kiti.

Halafu kuna jambo moja ambalo sikulitegemea. Mapenzi ya kale kwenye filamu tumezoea kuyaona ya watu wa mbali, na kwenye vibanda vyetu yanakuja na mtafsiri anayeongea juu ya kila kitu. Wapendanao wakinyamaza, yeye ndiyo kwanza anapandisha sauti. Hii ni Kiswahili chetu. Hakuna wa kukusemea. Wakinyamaza wao, ukumbi mzima unanyamaza, na unabaki wewe na kilicho moyoni mwako.

Ndiyo maana kilio cha shangazi kilisikika.

Hakupiga yowe, nataka hilo lieleweke. Ilikuwa pumzi iliyokatika, kisha nyingine, kisha akaziba mdomo kwa pindo la khanga. Sijawahi kumwona akilia. Alipofiwa na mumewe alisimama mlangoni anapokea wageni macho makavu. Sasa mabega yanatikisika na mkono wake umenibana kifundo mpaka kucha zinaingia. Sikusema neno. Niliona nikimgusa nitamharibia.

Akaja yule kijana wa ukumbini, wa kuonyesha watu viti. Alikuja na tochi ya simu, akaielekeza usoni kwa shangazi, karibu kabisa, na hakuishusha. Machozi yanang'aa, mwanamke mzima anakunja macho kwa mwanga, na yeye anasema kwa sauti ya kusikika mpaka mbele: "Bibi vipi, umefiwa? Msiba si huku."

Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka.

Na shangazi akasema, "Nisamehe, baba."

Hapo ndipo ninapokwama kila nikikumbuka. Tochi ningesamehe. Utani wa kijinga ningesamehe, ujana una mambo yake. Lakini mama wa umri ule, aliyelipa kiingilio kama wengine, anamwomba msamaha mtoto wa rika la wajukuu zake kwa sababu ameguswa na kitu kilichowekwa pale ili kimguse! Filamu ya namna ile watu waitazameje, kama wanasubiri daladala? Nilimwambia kijana ashushe tochi. Akasema anafanya kazi yake.

Na hawakuishia hapo. Ikiwa imebaki kama robo saa, picha ikakatika. Nikadhani umeme. Taa zikawaka, jamaa wa mitambo akatangaza kwamba muda umekwisha kwa sababu mpira unaanza, wenye kutaka mpira walipie tena mlangoni. Nilimfuata. Nikamuuliza kama mpira angeukata dakika ya sabini na tano. Akanijibu bila kuniangalia, anavuta waya: "Dada, hii nayo ilikuwa inaenda wapi? Haina hata mapigano." Pesa yangu sikurudishiwa. Kusema kweli sikuikumbuka mpaka nilipofika nyumbani.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa mmoja: msiende pale. Hata spika zao ni nzuri, hilo nawapa, taarabu ilisikika safi na viti ni vya kukalika. Msiende.

Sasa niwaambie kilichotokea kwenye bajaji, kwa sababu ndicho kimenivuruga.

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akamwambia dereva apitie Jamatini. Mimi nikajua anataka kununua kitu, usiku ule. Tulipofika kwenye yale maduka ya zamani ya Wahindi akasema simama, hakushuka, akawa anaangalia baraza moja lililofungwa mageti ya chuma. Akasema, "Mimi nilikuwa nakaa pale." Alikuwa msichana, anamsaidia fundi cherehani aliyekuwa na mashine yake barazani. Anatumwa dukani vifungo na uzi. Kijana wa dukani, mtoto wa mwenye duka, alikuwa akihesabu vifungo juu ya meza, moja mbili tatu, na kila siku anamwekea kimoja cha zaidi. Fundi anasema sita, yeye anarudi na saba. "Fundi akidhani hajui kuhesabu," shangazi akasema, na akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake.

Babu alipogundua alimrudisha Mpwapwa. Na upande wa pili nao hawakuwa na maneno mazuri juu ya binti wa Kigogo. Kisha serikali ikataifisha majumba mwaka 1971, Wahindi wengi wakaanza kuondoka, na familia ile nayo ikapanda treni kwenda Dar. Yeye hakuambiwa. Aliporudi Dodoma alikuta baraza lina mtu mwingine. Basi. Akaolewa, akazaa, akalea, na mimi nimekuwa mkubwa mbele yake bila kujua kwamba kila tukipita Jamatini anageuza uso upande mmoja.

Dereva wa bajaji alizima injini asikilize. Hakutuongezea nauli.

Sasa mniambie, nawapimaje hawa watu wa ukumbi? Ingekuwa si wao kuileta filamu ile hapa kwetu, shangazi angekufa na vifungo vyake saba. Na ingekuwa si wao kuikata, pengine angefuta machozi gizani, tukatoka, tukazungumzia bei ya mchele. Nikifika hapo nataka kuwasamehe. Halafu nakumbuka ile "nisamehe, baba" na msamaha wote unanitoka. Nyota moja. Filamu yenyewe nyota zote zilizopo. Ninachotaka ni kijana yule amfuate bibi amwombe radhi, basi.

Wasimamizi wa ukumbi niliwapigia mara mbili. Mara ya kwanza wakasema watafuatilia. Mara ya pili dada aliyepokea, mpole tu, akaniambia pengine wataionyesha tena, siku isiyo na mpira. Nilimweleza shangazi nikitegemea atasema hataki hata kuusikia ule ukumbi. Akauliza kama nauli imepanda.

Tangu siku ile kila Jumapili nikienda kumsalimia, hata chai haijamiminwa, ananiuliza: "Yule binti alifika wapi?" Mwisho wa riwaya ninao kichwani neno kwa neno, mtihani niliufanyia. Ila sijui kwenye filamu wameumalizaje, na sitaki ausikie kwangu. Namwambia asubiri. Ameshaifua ile sweta, imekunjwa kitini, kibegi juu yake.