Kolaji na watoto: magazeti au karatasi walizopaka rangi wenyewe?

Mkishafunga kitabu cha picha, kila mtoto anataka kutengeneza mnyama wake kwa kolaji, yaani picha ya vipande vya karatasi vilivyobandikwa. Magazeti ya zamani yanarahisisha kazi: chana, paka gundi, bandika. Shida ni kwamba mtoto anakutana na picha ya gari, na kiwavi aliyekuwa akimtengeneza anasahauliwa hapohapo.

Karatasi za kupaka rangi zinadai subira, kwani lazima zikauke. Ukibandika zikiwa mbichi, yote yanageuka tope. Ila ndivyo Eric Carle, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, alivyomtengeneza kiwavi wa kitabu chake cha 1969, The Very Hungry Caterpillar, kwa karatasi laini alizozipaka mwenyewe. Mtoto akiburuta kitana juu ya rangi mbichi, hupata manyoya ambayo gazeti halina. Nazipenda hizi zaidi, japo kwa wa miaka miwili magazeti yanatosha.