Nimeng'arisha matunda ya paina kwa jiki, huu ndio uzoefu wangu

Jamani mnaopenda kupamba nyumba Krismasi bila kununua mapambo ya plastiki, nimetumia jiki kung'arishia matunda ya paina, yale makavu yenye magamba, na nimeipenda sana hii njia. Ila nianze na hili: hayawi meupe pee. Yanatoka rangi ya ukuni uliopigwa jua muda mrefu, ncha za magamba ndio zinapauka zaidi. Anayetaka weupe kabisa apulizie rangi, mimi siipendi kwasababu inafunika ile mistari yote ya asili ambayo ndio uzuri wenyewe.

Huku Mufindi paina zimejaa, si unajua Sao Hill ndio shamba kubwa la miti la serikali nchini, na aina ya paina inayoitwa patula ndio nyingi. Sasa patula ina tabia yake, tunda linaweza kukaa mtini limefunga miaka na miaka linasubiri joto ndio lifunguke, kwahiyo ukiokota yaliyofunga usiyatupe. Yapige brashi kutoa vumbi, weka kwenye oveni moto mdogo, nyuzi 95 mpaka 100, kama nusu saa hivi, ila usitoke jikoni maana utomvu wa paina unashika moto haraka. Hiyo hatua usiiruke, inaua wadudu waliojificha ndani na inalainisha utomvu, maana penye utomvu mwingi jiki haipenyi, utaona mabaka tu.

Baada ya hapo ni ndoo ya plastiki, nje kwenye hewa, jiki nusu maji nusu, glovsi mkononi na nguo ya kazi. Yataelea, kwahiyo weka sahani juu na jiwe. Yaache masaa 24, kisha suuza kwa maji mengi. Yatajifunga tena yote na utadhani yameharibika, hapana, gamba lina tabaka mbili na la nje likinywa maji linatanuka kuliko la ndani, likikauka linarudi kwenye umbo lake. Weupe wenyewe unaonekana vizuri yakishaanza kukauka, so usihukumu yakiwa mabichi.

Kuhusu jiki yenyewe, nililinganisha ya chupa iliyofungwa ya dukani na ile ya kupimiwa kwenye chupa za maji inayoshinda juani, na aisee tofauti ni kubwa mno, ya kupimiwa karibu haikubadilisha kitu. Dawa iliyomo inaitwa sodiamu haipokloraiti na inaisha nguvu ikikaa sana au ikipigwa jua, kwahiyo angalia tarehe na nunua iliyo kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Bei inapanda kidogo lakini inalipa.

Na tafadhali sana, hasa wenye watoto, usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia, inatoa gesi ya sumu, watu wanaumia mapafu kwa hili.

Muda wa kufanya ni Oktoba jua likiwepo. Huku kwetu mvua zinaanza Novemba na kuendelea, na kwenye unyevu matunda yanakaa wiki nzima bado yamefumba, unafika mkesha wa Krismasi huna cha kuweka kwenye shada la mlangoni.