Migomo ya Wachimba Makaa ya Mawe Uingereza: 1920 na 1926
Oktoba 1920 wachimbaji waligoma wakidai nyongeza ya shilingi 2 kwa zamu, kwa kuwa bei za bidhaa zilikuwa zimepanda na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu ya wanachama zaidi ya milioni 8. Mgomo wa Mei 1926, kinyume chake, ulikuwa wa kujihami: baada ya Waziri wa Fedha Winston Churchill kuirejesha pauni kwenye kiwango cha dhahabu (mfumo wa kufunga thamani ya sarafu na dhahabu) mwaka 1925, kwa thamani ya juu, makaa ya Uingereza yalikuwa ghali zaidi ng'ambo, nao wenye migodi wakataka kupunguza ujira na kurefusha saa za kazi. Vyama vingine viliwaunga mkono wachimbaji kwa siku 9 tu. Wachimbaji wengi, kwa ujasiri unaostahili heshima, walivumilia njaa hadi Novemba. Kwa maoni yangu, vyama vilikuzwa na ajira kuliko hasira, kwani kufikia 1933, wakati wa ukosefu mkubwa wa ajira, wanachama hawakufika milioni 4.5.