setTag au HashMap kwa alama za ramani?
Programu yako ya Android inaonyesha steji za bodaboda za Kampala kwenye Google Maps. Mtumiaji akigusa alama ya Wandegeya, utajuaje ni steji ipi? Kitu cha Marker, yaani alama, unapewa na ramani yenyewe kupitia addMarker, kwa hiyo kurithi klasi yake hakukusaidii.

Njia fupi ni setTag: rekodi ya steji inabandikwa kwenye alama yenyewe, kisha unaichukua kwa getTag. Inarudi kama Object tu, kwa hiyo kagua aina yake.

HashMap, yaani jedwali linalooanisha ufunguo na thamani, kama alama na steji yake, ina usumbufu: alama ikiondolewa, nawe uondoe ingizo lake. Lakini seva ikileta mahali papya pa boda anayetoka Ntinda kwenda Nakawa, setTag haisaidii. Unatafuta alama kwa namba ya dereva, kinyumenyume, na hiyo ni kazi ya HashMap. Hapo mimi hutumia zote mbili.