Gunia la PICS kwa kijana anayeanza biashara ya nafaka

Kijana wa Kinango au Ganze anayeleta mahindi soko la Kongowea, Mombasa, hashindwi na kulima, hushindwa na kungoja. Akiuza siku ya mavuno, kila mtu anauza na bei imelala. Asipouza, fukusi na yule dumuzi mkubwa waliyempa jina la Osama humlia mtaji. Kabla hajawazia ghala, anunue gunia la PICS, lile la kuhifadhi nafaka bila kupitisha hewa.

Ndani mna mifuko miwili ya plastiki nene, nje gunia la kawaida, nalo hubeba kilo 90 hivi. Dawa haitiwi. Wadudu huvuta hewa iliyobaki hadi ikawaishia, wakaacha kula na kuzaa, kisha wakafa. Bei ni kama shilingi 200 hadi 300, ghali mara kadhaa kuliko gunia tupu, ila likitunzwa hufika misimu mitatu.

Kazi yote iko kwenye ukavu. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Wengi hupima kwa chumvi: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado. Isipoganda, wengi hukimbilia kufunga, na hapo ndipo hasara: kipimo hicho chaonyesha tu kwamba unyevu uko chini ya asilimia 15. Anika tena siku moja au mbili juu ya turubai, hasa kwa huu mvuke wa Pwani. Yakifungwa mabichi huota ukungu, na sumukuvu, sumu ya huo ukungu, ikishaingia haitoki.

Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko kama puto uone kama unavuja. Jaza, kamua hewa, sokota shingo, ikunje, funga kwa mpira wa tyubu. Kila mfuko na kifungo chake, la nje mwisho. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasifike.

Lawama mbili. Plastiki haivumilii bodaboda, kwa hiyo safirisha kwa gunia la kawaida, la PICS libaki nyumbani. Na muuza vibaba asilinunue: kulifungua kila siku kunarudisha hewa, wadudu walionusurika wakaanza kuzaa upya.

Mwenye pesa ya magunia matatu tu atangulize kunde. Hutoka shambani tayari na mayai ya wadudu, na ndizo watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walizozifikiria walipolibuni gunia hili Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980.