Kidhibiti chaji kidogo cha MPPT kwa betri ya lithiamu: tathmini baada ya miezi minne

Kwa miezi minne sasa ninachaji betri ya lithiamu-fosfeti ya seli nne, yenye volti 12.8 na ampea-saa 6, kwa paneli ya sola ya wati 20, na katikati yake nimefunga kidhibiti chaji kidogo cha MPPT (aina inayotafuta volti ambazo paneli hutoa nguvu kubwa zaidi), ambacho ndicho ninachokitathmini hapa. Kabla yake nilitumia kidhibiti cha PWM (aina rahisi, inayopunguza chaji kwa kuiwasha na kuizima haraka haraka) kilichotengenezwa kwa ajili ya betri za asidi. Betri ni ileile na paneli ni ileile, lakini namna betri inavyojaa imebadilika kabisa.

Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa nguvu yake kubwa zaidi inapokuwa karibu na volti 18. Kidhibiti cha PWM huiunganisha moja kwa moja na betri, hivyo volti za paneli hushushwa hadi zilingane na za betri na sehemu ya nguvu hupotea. Cha MPPT huiacha paneli ibaki kwenye volti zinazoifaa, kisha huigeuza ziada ya volti kuwa ampea. Saa sita mchana, jua likiwa kali na bila wingu, multimita ilinionyesha ampea 1.05 kwa kidhibiti cha zamani na, dakika chache baadaye, ampea 1.2 kwa hiki. Ongezeko hilo la moja ya saba ni dogo kuliko asilimia 30 iliyoandikwa kwenye boksi, kwani paneli ikipata joto hupungukiwa na volti, na ni hizo hizo volti za ziada ambazo MPPT huishi kwazo.

Kilichonifurahisha zaidi ni mwisho wa chaji. Seli ya aina hii haipaswi kuvuka volti 3.65, yaani volti 14.6 kwa seli nne. Kikiwekwa kwenye mpangilio wa lithiamu, kidhibiti hupanda hadi volti 14.4 na kusimama hapo. Nilikaa nacho alasiri moja nikaona ampea zikishuka kutoka 1.2 hadi 0.6, kisha 0.2, huku volti zikiwa palepale, na hatimaye kikaacha kuchaji. Kidhibiti cha zamani, kinyume chake, kilipandisha volti hadi 14.8 mara kwa mara ili kusawazisha seli, jambo linalofaa kwa betri ya asidi lakini lisilotakiwa kabisa kwa lithiamu, na mara mbili saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri ililazimika kukata chaji. Saketi hiyo imewekwa kwa ajili ya dharura, na si haki kuifanyisha kazi ya kidhibiti kila siku.

Dosari zipo, na moja ni nzito. Waya za betri zikiondolewa, kidhibiti husahau mpangilio wa lithiamu na kurudi kwenye ule wa asidi bila kutoa onyo lolote. Mtu anayeitoa betri yake kila jioni kwenda kuitumia kwingine anaweza kuichaji vibaya kwa wiki nzima bila kujua. Pia kidhibiti chenyewe hutumia miliampea 10 usiku na mchana, yaani takriban ampea-saa 0.24 kwa siku, kiasi kinachotosha kuimaliza betri hii katika siku 25 ikiwa imeachwa bila jua. Maelezo ya matumizi hayasisitizi kwamba betri hufungwa kwanza na paneli baadaye, wala hayataji kwamba betri ya lithiamu haichajiwi ikiwa na baridi ya chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Kidhibiti hakina kihisi cha kuzuia jambo hilo, kwa hiyo sitakipendekeza kwa mahali penye barafu.

Skurubu za waya zilihitaji kukazwa upya baada ya mwezi mmoja.

Kwa mwenye betri ya seli nne za fosfeti na paneli ya wati 20 hadi 50, ninakipendekeza. Mwenye betri ya seli za volti 3.7, ambazo hujaa kwenye volti 4.2, atafute kingine, kwa sababu unaweza kuchagua mpangilio wa hiki, lakini si kubadilisha volti zake. Juu ya kifuniko cha changu nimebandika karatasi yenye namba 14.4, na kila ninapoirudisha betri huitazama skrini kwanza ndipo niufunge waya wa paneli.