Kujikatia Tiketi au Kumtumia Wakala wa Usafiri: Uchambuzi

Karibuni, watazamaji. Leo sina kifaa cha kufungua mbele yenu, kwa sababu bidhaa ninayoichambua ni huduma: wakala wa usafiri, nikimlinganisha na msafiri anayejikatia tiketi na kujitafutia hoteli mwenyewe mtandaoni.

Niimalize bei kwanza. Zamani mashirika ya ndege yaliwalipa mawakala kamisheni kwa kila tiketi, lakini malipo hayo yalipunguzwa sana. Huko Marekani, shirika la ndege la Delta liliiwekea kamisheni ukomo mwaka 1995 na mwaka 2002 likaondoa kamisheni ya msingi kabisa. Ndiyo maana wakala wa leo mara nyingi hukutoza ada ya huduma, na kwa tiketi ya kawaida ya kwenda na kurudi kwa shirika moja sioni sababu ya kuilipa.

Kinachonishughulisha zaidi ni safari yenye kuunganisha ndege. Tazameni hapa kwenye skrini: safari ya London hadi Singapore kupitia Dubai inaweza kuuzwa kama tiketi moja, au ukaiunda mwenyewe kwa tiketi mbili za mashirika mawili yasiyo na makubaliano, na mara nyingine hii ya pili huonekana ya bei nafuu. Katika tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni juu ya shirika kukutafutia nafasi nyingine. Katika tiketi mbili, shirika la pili linakuhesabu kuwa abiria ambaye hakutokea, na kwa masharti ya tiketi nyingi hata safari yako ya kurudi inaweza kufutwa. Kwa kawaida utalazimika pia kupita uhamiaji, kuchukua mizigo yako na kuikabidhi upya, jambo ambalo kwa baadhi ya pasipoti linadai viza ya nchi ambayo hukukusudia hata kuikanyaga. Wakala mzuri huyaona hayo kabla hujalipa. Tovuti ya kulinganisha nauli huyaandika, ikiyaandika, kwa maandishi madogo chini ya kitufe cha kununua.

Kuna kundi la tatu ambalo ndilo ninalolipa alama za chini, nalo ni wakala wa mtandaoni asiye na mtu wa kuongea naye. Ukinunua kwake kisha ratiba ikabadilika, shirika la ndege mara nyingi hukurudisha kwa aliyekuuzia, na huko unakutana na roboti ya kujibu ujumbe. Unakuwa umepoteza wepesi wa kujihudumia, na msaada wa wakala pia hukuupata.

Yeyote utakayemlipa, usiridhike na ule msimbo wa herufi na tarakimu 6. Msimbo huo unaonyesha kwamba nafasi imeshikwa tu. Tiketi iliyotolewa huwa na namba ya tarakimu 13, ambazo 3 za mwanzo hulitambulisha shirika. Ingiza msimbo kwenye tovuti ya shirika lenyewe, na kama namba ya tiketi haionekani, mpigie aliyekuuzia siku hiyohiyo, si siku ya safari.

Kwa safari ya kifurushi, yaani ndege na hoteli vikiuzwa pamoja, mizani inamwelemea wakala. Katika Umoja wa Ulaya, Agizo namba 2015/2302 linamtaka mwandaaji awajibike kwa huduma zote za kifurushi na awe na dhamana iwapo atafilisika. Kampuni ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, wateja wa Uingereza waliokuwa na vifurushi vyenye ulinzi wa ATOL, yaani mpango wa Uingereza wa kuwakinga wateja wa safari za ndege muuzaji akifilisika, walirudishiwa fedha za safari ambazo hazikufanyika. Aliyejipangia kila kipande peke yake hana kinga hiyo. Anategemea bima yake na kadi aliyolipia.

Hukumu yangu, basi, haifanani kwa safari zote. Hoteli ya mjini na ndege ya moja kwa moja, jikatie. Safari ya nchi kadhaa, kundi la familia au meli ya kitalii, mpe wakala, ila kwanza muulize ni nani anayepokea simu ofisi ikifungwa, na kama yeye naye hutoza ada yake juu ya ile ya shirika pale tarehe inapobadilishwa. Akisitasita kukupa majibu hayo kwa maandishi, mtafute mwingine.